Runinga Iliyomsikiliza Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa vifaa. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta mwingine wa kumlaumu. Wenzangu wakipata nafasi huongeza chumba au hununua ng'ombe. Mimi hununua kitu chenye taa ndogo ya buluu inayowaka na kuzima, nikakaa nacho sakafuni na karatasi yake ya maelekezo, mpaka mke wangu aniulize kama nilimwoa yeye au nilioa hilo boksi. Kazi yangu ni kuangalia mitambo katika hoteli moja ya Utende: sola, jenereta, pampu za maji na intaneti ya wageni. Kutwa nawaona wageni wakiuambia ukuta uzime taa, na taa zinazima. Jioni narudi kwangu Kilindoni, nabonyeza swichi kwa kidole, najiona mshamba.

Nikaanza kidogo kidogo. Niliagiza kutoka Dar balbu inayobadilisha rangi kwa simu. Mke wangu akachambua mchele chini ya mwanga wa zambarau, akasema haoni mchele wala mawe, akairudisha ile ya zamani. Nikaagiza kamera ya mlangoni, ambayo humtumia mwenye nyumba ujumbe kila anapopita mtu. Nitakuwa juu ya paa la hoteli, bisibisi mdomoni, simu inalia: mtu ameonekana mlangoni kwako. Nafungua kwa haraka, namkuta mbuzi wa jirani. Baada ya nusu saa, mtu ameonekana tena. Mbuzi yule yule, safari hii anaitazama kamera. Baada ya mwezi nilikuwa najua ratiba ya mbuzi yule kuliko mwenye mbuzi.

Basi mke wangu akapata mimba. Tulikuwa tumeisubiri miaka sita, kwa hiyo naomba msomaji anielewe nilivyokuwa. Nilitaka awe mahali ambapo namwona. Lakini desturi yetu ni kwamba uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwao, akalelewa na mama yake siku arobaini zote. Na kwao ni Bweni, kaskazini kabisa, njia ya kuelekea Ras Mkumbi, barabara ambayo wakati wa mvua gari hujikokota mpaka abiria wakashuka kutembea wakaliacha nyuma. Mimi nilitaka ajifungue hospitali ya hapa Kilindoni, na arobaini ifanyike kwangu. Nikamwomba mke wangu amwombe mama yake aje yeye.

Hapo ndipo penye shida. Mama mkwe wangu hakunikubali tangu siku ya posa. Siku ile wazee waliniuliza nafanya kazi gani, na badala ya kujibu kwa neno moja kama watu wengine, nikawaeleza jinsi jua linavyogeuka kuwa umeme. Nilieleza kwa kirefu. Wazee wawili walisinzia. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliwaambia wenziwe kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona, "Mdomo wa huyu nimeusikia. Vitendo ndio bado." Miaka yote iliyofuata sikupata nafasi ya kumwonesha vitendo, kwa sababu mkwe na mkwe kwetu wanaoneana haya. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na mkiwa na neno mnalipitisha kwa mtu wa katikati. Mtu wetu wa katikati alikuwa mke wangu, na yeye alipunguza maneno yangu kabla ya kuyafikisha.

Jibu kutoka Bweni lilikuwa hivi: atakuja kwa siku saba, mpaka akika. Siku ya saba gari litatoka Bweni kuleta ndugu. Akiona nyumba ina utulivu na mwanawe anatunzwa, atabaki hapo hapo amalize arobaini. Asipoona, gari litarudi na yeye, mwanawe na mjukuu wake, na tutaonana huko mbele, inshallah.

Mtu mwingine angenunua kuku na unga wa uji. Mimi nilinunua runinga.

Ilikuwa runinga kubwa, ya kuunganishwa na intaneti, inayoongozwa kwa simu, na kwenye boksi waliandika kwamba inasikia maneno. Wameandika kwa lugha nyingi, nami sikuangalia kama yetu imo. Niliifunga ukutani sebuleni siku mke wangu alipolazwa. Mtoto alizaliwa salama, msichana, nikamwadhinia sikioni. Kesho yake wakaja nyumbani, na mama mkwe akashuka kutoka Bweni na mkeka wake, mafuta ya nazi, pilipili manga na uso ambao bado haujaamua lolote.

Nikatoka nje kumpisha. Nikakaa barazani, chini ya dirisha la sebule, ambalo lina wavu na pazia, na kutoka pale nikampa salamu zangu kupitia mke wangu. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini nikaongeza, "Mwambie mama, hiyo tivii haitaki rimoti. Ataiambia tu kwa mdomo, itamtii."

Nikasikia hatua zake zikisimama mbele ya runinga. "Tivii," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto wa jirani. "Washa."

Kimya. Mimi nje nikakohoa kwa wasiwasi.

"Tivii. Washa."

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia mwanawe, taratibu, bila hasira, "Ndiyo haya maneno ya mumeo."

Sikufikiri. Kidole kilikwenda kwenye simu chenyewe. Nikabonyeza, na ndani runinga ikalia wimbo wake wa kuamka.

"Ee!" akasema mama mkwe. "Kumbe inasikia. Ilikuwa inanizoea tu."

Msomaji atauliza kwa nini sikusema ukweli pale pale. Nami nitamwuliza, wewe ungesema? Siku saba tu, nikajiambia. Nina likizo ya siku tatu ya mwenye kupata mtoto, na dirisha liko wazi.

Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko kazi yoyote niliyoifanya Utende. Mama mkwe hakuwa mtu wa kutulia na kipindi kimoja. "Tivii, punguza, mtoto amelala." Napunguza. "Tivii, tutolee huyu anayepiga kelele." Nahamisha. "Tivii, lete mawaidha." Naleta mawaidha. "Huyu shehe ana haraka, lete mwingine." Natafuta shehe wa taratibu. Mara moja alipita mzee wa mtaa, akanipa mkono wa hongera, akataka kujua mtoto alizaliwa na kilo ngapi, na ndani nikamsikia mama mkwe: "Astaghfirullah, huyu mwanamke mbona kavaa leso ya mkononi! Tivii, ondoa!" Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshikwa na mzee. "Ondoa, tivii! Ondoa upesi, kuna mtoto humu!" Nikauchomoa mkono kwa nguvu, nikabonyeza. Mzee aliondoka bila kuaga, na nadhani mpaka leo anasema uzazi umenipanda kichwani.

Alichokipenda zaidi ni picha za nchi zenye theluji. Alikaa na mwanawe pembeni, wakimkanda mtoto mafuta, wakawatazama watu wa huko wakikokota magogo. "Maskini," alisema. "Hawana hata mnazi mmoja." Siku nyingine nilimwekea wageni wanaozama kumtazama papa potwe, yule papa mkubwa asiyeuma, humu humu kwetu, akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema marehemu mumewe alikuwa akimfukuza potwe kwa pondo asimchanie nyavu, na sasa watu wanapanda ndege kuja kumchekea.

Tatizo lilikuwa swala. Adhana ikitoka naingia msikitini, na simu naizima. Alasiri ya kwanza nikarudi, nikasikia mazungumzo makali sebuleni. Mama mkwe alikuwa ameamrisha mara nyingi na runinga haikumjibu. Nikakaa, nikabonyeza kwa hofu. Ikatii.

Magharibi vile vile. Isha vile vile. Kesho yake adhuhuri jirani wawili wa kike walikuja kumwona mtoto, nami narudi kutoka msikitini nikamsikia mama mkwe akiwaeleza, "Hii ina dini yake. Adhana ikitoka haimsikilizi mtu. Ngojeni jamaa watawanyike, mtaona." Watu walikuwa wanatawanyika kweli, mimi nikiwa mmoja wao. Nikaketi, nikawasha simu. "Tivii," akasema, "taqabbala Allah. Tuoneshe theluji." Nikaleta theluji. Jirani mmoja alisoma bismillahi kwa sauti. Alasiri ile walikuja wanawake sita, na kesho yake sikuweza kuwahesabu kwa viatu vilivyokuwa mlangoni. Fundi mmoja wa mtaa alinisimamisha akaniuliza nimenunua aina gani, maana mkewe anasema hawezi tena kukaa na runinga isiyoswali.

Siku ya nne likizo ikaisha. Nikamwomba mke wangu, kwa unyenyekevu, awe ananitumia ujumbe nikiwa kazini. Alinitazama huku ananyonyesha. Alisema yeye ana mshono, ana usingizi wa siku nne, na sasa ana waume wawili, mmoja Utende na mmoja ukutani. Hata hivyo alikubali, kwa sababu na yeye hakutaka kuondoka. Sikumuuliza, lakini usiku uliotangulia aliniambia mlangoni, "Nikienda Bweni mtoto atakuzoea kwenye simu." Neno lile lilinikaa kifuani siku nzima.

Basi nikawa natengeneza pampu huku napokea amri. Ongeza. Sana, punguza. Umemwamsha mtoto, umefurahi? Mama anataka wale wa magogo. Si hao, wale wenye mbwa. Msimamizi wangu aliniona nikibonyeza simu ndani ya chumba cha betri, akaniuliza nafanya nini, nikamwambia namletea mama mkwe theluji. Alinishauri nipumzike.

Jioni yake nikapanda bodaboda kurudi, na kati ya Utende na Kilindoni kuna mahali mtandao hupotea kabisa. Tukaingia pale wakati runinga iko kwenye kipindi cha mapishi. Ujumbe ulipoanza kuingia upya, uliingia kwa mafungu. Anakaanga. Ni nguruwe. Badilisha. Badilisha! Mama anaiambia ondoa haiondoki. Kageuza kichwa cha nguruwe chote kinatutazama. Upo wapi? Nimeifunika kanga. Nilibonyeza nikiwa juu ya pikipiki inayoruka mashimo. Nilipofika nyumbani nikaona kwa upenyo wa pazia: runinga ilikuwa imevikwa kanga mbili na mama mkwe anaichomea udi. "Imepitiwa tu," alikuwa akimwambia mwanawe. "Kutwa nzima inafanya kazi, nayo inachoka."

Niliona huruma ile, nikashukuru. Kwa kweli nilijiona hodari mno siku zile. Nilidhani nimemweka mama mkwe mfukoni.

Siku ya tano, zamu yangu ikiwa ya mchana, amri zikaanza kutoka nje ya runinga. "Tivii," akasema asubuhi, "kuku wameingia kwenye mchele niliouanika." Nikatazama simu, hakuna kitufe cha kuku. Nikainuka, nikazunguka uani kwa kunyata, nikawafukuza, nikarudi. "Alhamdulillahi," akasema. "Tivii, mtungi wa bafuni umekwisha maji." Nikabeba ndoo mbili kupitia mlango wa nyuma, nikajaza, nikatoka bila kuonekana. "Tivii, mwanangu amechoka na kuku, anatamani changu wa kuchemsha na pilipili manga." Nikaenda sokoni, nikachagua changu wawili wenye macho maangavu, nikawaparua magamba mwenyewe, nikawaweka kwenye mlango wa jikoni, nikarudi dirishani nikihema.

"Mashine hii inafika mpaka sokoni," mama mkwe akamwambia mwanawe. Mke wangu akapatwa na kikohozi kilichomlazimu kutoka sebuleni. Nilidhani ni mafua. Nikaandika kichwani kwamba nimnunulie asali.

Siku ya sita, kabla ya kwenda kazini, nilimsikia akizungumza na runinga peke yake huku anakunja nepi. Ilikuwa imezimwa sauti. "Wewe tivii una heri," alisema. "Unasikia, unatenda, husemi. Ungekuwa mtu ningekuoza mwanangu." Msomaji, nilimwonea wivu mume yule. Nilikaa chini ya dirisha langu mwenyewe nikamchukia kwa moyo wote, kwamba mimi naparua samaki na yeye anapata mke. Njia nzima ya Utende nilikuwa najibishana naye kimoyomoyo.

Ikafika siku ya saba. Akika ilikuwa asubuhi, mtoto akanyolewa, akapewa jina, watu wakala pilau barazani, wakaomba dua. Gari la Bweni lilikuwa limefika na ndugu wa mke wangu, limeegeshwa mbele ya nyumba, na dereva wake alikuwa amelala ndani miguu ikitokeza dirishani. Niliona mkeka wa mama mkwe umekunjwa, umefungwa kamba, umesimamishwa ukumbini. Kando yake palikuwa na kifurushi cha nguo za mtoto. Nikamtazama mke wangu kwa mbali, akainua mabega. Hakujua. Mama yake hakuwa amemwambia.

Nikafanya lile nililoliweza. Nikaenda dirishani, nikatoa simu, nikatafuta theluji nzuri kuliko zote, yenye mbwa, magogo na mto ulioganda. Nikaiweka tayari. Ndipo mvua ikaanza, mvua nzito ya kusi, upepo ukasukuma minazi, na umeme ukakatika mtaa mzima. Ndani feni ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Ruta ikazima taa yake ya buluu. Watu wakakimbilia ndani na uani na kwa majirani, na mimi nikabaki pale, maana nisingeweza kuingia sebuleni alipo yeye. Baraza yetu bati lake ni fupi. Maji yalinipata mabegani, kisha kila mahali.

Nikasikia hatua zake. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya runinga.

"Tivii," akasema.

Nilitazama simu kama mjinga.

"Najua huna umeme. Vizuri. Leo utanisikiliza bila kukimbilia kubonya."

Nikaiweka simu mfukoni.

"Siku ya kwanza ulikohoa kabla hujawaka. Mimi nimezaa sita na nimekaa na mvuvi miaka thelathini, sasa nisijue mtu akikohoa dirishani? Nikasema ngoja, tuone atachoka lini. Nikakutoa huku, nikakupeleka kule. Nikawaambia watu unaswali, kwa kuwa unaswali, nilikuwa nakuhesabu. Nikakutuma maji ukaleta. Nikakutuma samaki ukaleta wameparuliwa." Nikamsikia akimpigapiga mtoto mgongoni. "Miaka sita mwanangu hakuzaa. Walinijia watu, ndugu zangu mwenyewe, wakaniambia mrudishe, mumewe atamwacha tu. Nikampigia simu kumuuliza, mumeo anakwambiaje? Ananiambia, mama, hajawahi kuniambia neno. Sikumwamini. Nilisema mwanamume mwenye mdomo kama ule, hilo ndilo pekee asiloweza kulisema? Sasa nimekaa hapa siku saba, nimeona mwenyewe namna anavyomtumikia. Nilimdhania vibaya mtoto wa watu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nami sikutaka ikatize hata neno moja.

"Huo mkeka nimeukunja nipate kufagia. Gari lirudi na ndugu zake, sisi hatuendi. Na wewe uliye chini ya dirisha unalowa bure. Mkwe, ingia ndani."

Siku saba nilikuwa nimemjibu kila neno kabla hajalimaliza. Sasa ilinibidi kutumia mdomo, na mdomo ule uliowalaza wazee siku ya posa haukuwa na kitu. "Naam, mama," nikasema mwishowe.

Niliingia. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso na amegeukia ukuta kidogo, kama inavyopasa, na mtoto yuko mapajani mwake. Nikasimama karibu na mlango, maji yananitiririka sakafuni. Akanitupia taulo la mtoto bila kunitazama.

"Jifute kwanza, utamlowanisha."

Nikajifuta kichwa na mikono. Akanyoosha mikono yake, mkwe kwa mkwe, bila mtu wa katikati, akaniwekea mwanangu kifuani. Alikuwa mwepesi na wa moto, ananukia mafuta ya nazi. Wiki nzima nilikuwa nimemsikia kupitia dirishani kuliko nilivyomshika. Nikaanza kulia, wala sioni haya kulisema.

"Na hayo pia uyafute," akasema mama mkwe.